Bega la Kushoto la Dereva

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umepunguza kukusumbua. Mama ameniambia umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Nimefurahi, ingawa najua unajikaza mbele yake. Sisi huku hatujambo, kazi tu ndiyo haitupi nafasi ya kupumua.

Najua mkuu wa idara ameshakupigia simu, maana mlisoma pamoja na hamfichani kitu. Lakini amekueleza upande wake. Wangu ni huu.

Mafunzo yetu ya udaktari wa familia, yale unayoyaita udaktari wa kwenye simu, yako hivi. Masomo tunayatazama nyumbani kwa video. Siku nyingi za juma tuko vituoni, kila mmoja na wagonjwa wake. Ijumaa tunakutana mtandaoni na mkufunzi, tunatazama video za wagonjwa waliokubali kurekodiwa, na hapo tunakosoana bila huruma.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu. Mgonjwa alikuwa dereva wa lori anayeumwa kichwa. Nilimpima presha, nikampa dawa, nikamwambia apunguze kukesha. Nikajiona nimemaliza. Basi mwenzetu mmoja, tunayemwita Kobe kwa utaratibu wake, akaomba turudishe nyuma sehemu ya mwisho.

"Hebu mwangalieni anavyotoka," akasema.

Dereva aligonga fremu ya mlango kwa bega la kushoto, akauomba mlango radhi kana kwamba amemkanyaga mtu. Tukarudi mwanzo: hata alipoingia aliparamia kiti, kushoto kulekule. Mimi niliyekaa naye uso kwa uso sikuona kitu. Nilikuwa naandika.

Nikampigia dereva simu palepale. Akasema lori limeshapakiwa, anangoja geti lifunguliwe. Nikamwambia, "Zima injini, uje." Akacheka, akidhani natania, nami nikamfokea mpaka akazima. Alipofika nilimziba jicho moja, kisha la pili. Vidole vyangu vikitokea kushoto hakuviona mpaka vifike mbele ya pua. Picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe. Umeshatolewa, na haukuwa saratani. Sasa anatembea vizuri, ila ananinunia kwa kumnyima usukani.

Juma lililofuata mkuu akatukusanya, akatangaza kwamba anataka mafunzo haya mseto yafutwe, turudi sote ukumbini kusikiliza mihadhara. Akasema daktari hatengenezwi na skrini. Wenzangu wakainamisha vichwa. Mimi nikasimama. Nikamwambia ni kweli, ndiyo maana dereva alipimwa na mikono yangu, lakini bila ile skrini mikono hiyo isingemwita. Nikamuuliza ni mhadhara gani ungemzuia pale getini. Uso ukamwiva. Akaniamuru niombe radhi kwa maandishi. Nilikataa, na bado nakataa. Bodi ya chuo imetusikiliza sote, na mafunzo yanaendelea.

Sasa lile ambalo sidhani amekuambia. Kabla bodi haijakaa aliniita pembeni, akasema ile nafasi ya upasuaji uliyoniombea kwake iko wazi, niichukue na niachane na kelele za video.

Nimeikataa, Baba. Usidhani ni hasira. Nilimjibu kwa sauti ya chini kabisa, na nilipotoka nilikuwa nimetulia kuliko nilivyowahi kuwa tangu nivae koti jeupe. Wewe, kama daktari wa upasuaji, uliwapokea watu wakiwa wameshajulikana wanaumwa nini, ukawatibu vizuri mno. Mimi nataka kumpokea yule ambaye hata mwenyewe hajui. Uliposema huo ni nusu udaktari, nilinyamaza kwa heshima. Heshima iko palepale. Kunyamaza ndiko kumekwisha.

Nisalimie Mama sana, mwambie asikupatanishe nami kwa machozi. Wasalimie na majirani wote wanaoniulizia. Ukikasirika, kasirika, ila nijibu.

Ni mimi mwanao,
Daktari wa familia