Nilimwambia Breki Ni Nzima

Mpendwa Mama Scovia, amahoro. Naomba unisaidie, maana neno hili sijaweza kumwambia hata mke wangu.

Mimi ni mwalimu hapa Gatete, nilizaliwa ukimbizini Tanzania, na tuliporudi nyumbani nilinunua Landrova kuukuu iliyonizidi umri, nikawa naitengeneza mwenyewe uani kwa jeki moja na spana za marehemu baba, nikaifufua injini iliyokuwa imekufa miaka sita, watu wakaanza kuniita fundi, nami jina hilo nikalipenda mno. Mwezi wa nne pedali ya breki ikawa inazama mpaka chini, nikafuatilia nikakuta mafuta ya breki yanavuja kwenye gurudumu la mbele kushoto, kipuri nikakitafuta Rumonge mjini nikakikosa, na kwaya ilikuwa inasubiri kupelekwa harusini Kigwena, basi nikalikata bomba dogo linalopeleka mafuta kwenye lile gurudumu, nikalikunja, nikaligonga nyundo mpaka likaziba. Pedali ikawa ngumu, nikaijaribu polepole hapo uani ikasimama, nikasema magurudumu matatu yanatosha kwa siku moja.

Aliyeendesha ni shemeji yangu Cubaka, mtu wa Uvira aliyemwoa dada yangu Kezia, mwanakwaya mwenzao, mtu makini asiyegusa pombe. Aliniuliza, "Shemeki, breki iko muzuri?" Nikamjibu, "Ni nzima, nendeni."

Karibu na Kigwena mbuzi walikatiza barabara, akakanyaga breki kwa nguvu, gari likavutwa upande wa kulia likaingia kwenye michikichi na watu tisa ndani. Hakufa mtu, lakini mguu wa Kezia ulivunjika mara mbili. Gari lilipovutwa hadi kwangu nikalitoa lile gurudumu, nikaliona bomba langu limekunjwa vilevile nilivyolikunja, nikakaa chini palepale kwenye matope. Kesho yake Cubaka akaja akapiga magoti mbele ya watoto wangu: "Unisamehe, shemeki. Gari yako ilikuwa muzima, ni mimi nilishindwa kuiendesha." Nami nikamwambia, nimekusamehe! Mpaka leo sijui maneno hayo yalitoka wapi.

Sasa kwaya imemfukuza, Kezia yuko kwangu na anaapa harudi kwa mwanaume aliyetaka kumuua, na wazee wa kanisa wananiuliza Landrova itakuwa tayari lini. Nikisema ukweli, Mama, nitabaki na nani?

Melkiades, Gatete

*

Melkiades, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale ulipomsamehe. Ulimsamehe! Mtu aliyekuuliza kwa kinywa chake kama breki ni nzima! Kuziba bomba ni kosa la mtu mwenye haraka na kupenda sifa, na wengi wamelifanya. Kumwangalia mwenzako akipiga magoti kwa kosa lako, hilo mimi sijapata kulisikia.

Pole, najua unaumia. Kumpa dada yako uji kila asubuhi huku akimlaani mume asiye na hatia si mzigo mdogo. Lakini unaniuliza utabaki na nani, hujaniuliza Cubaka amebaki na nani. Ndugu zake wako ng'ambo ya mpaka. Hapa ndugu yake ulikuwa wewe.

Sasa sikiliza. Leo hii mwambie mkeo. Kisha kaa na Kezia, umwekee lile bomba mkononi, maana kwa maneno matupu atadhani unamtetea mumewe. Halafu nenda kwa Cubaka, na safari hii magoti ni yako. Jumapili simama mbele ya kwaya, useme kwa sauti unayofundishia darasani. Usitaje kipuri kilichokosekana. Watakaokasirika wana haki, waache wakasirike.

Gari nalo litolee betri leo, funguo umpe mkeo. Wazee wakiuliza, wajibu kuwa bado ni hatari. Vipuri vya breki vibadilishwe kwenye magurudumu yote mawili ya mbele, bomba liwe jipya, upepo utolewe kwenye breki gurudumu moja baada ya jingine, kisha fundi mwingine, siyo wewe, alikague na kulijaribu bila abiria hata mmoja. Kipuri kikikosekana, gari lilale.

Kezia akikataa kusema nawe, usimbembeleze. Mtafutie usafiri mzuri, umfungashie nguo zake, uwe tayari kumbeba mpaka kwenye kiti cha gari. Akitaka kurudi kwa mumewe siku hiyo hiyo, asikute umechelewa tena.