Kamba ya nazi kwenye bomba la jenereta

Neethu shoga, kaka Shibu kanidanganya na nusura amuue mama.

Mama kajilaza mchana kwenye chumba cha boti yetu ya kulaza wageni, kiyoyozi kinawaka kwa jenereta. Namkuta anatapika, hajui hata jina langu. Nimemburuta mwenyewe mpaka nje.

Lile bomba la moshi la jenereta lililopasuka, si Shibu aliniapia kalibadilisha? Aliniapia, Neethu. Kumbe kalizungushia kamba ya nazi, kama anashona mbao za boti. Gesi yote ya moshi ikaingia chumbani.

Namuuliza, "Na king'ora cha gesi?"

"Kilikuwa kinawasumbua wageni, mdogo wangu, nikatoa betri."

Eti kinawasumbua.

Mama yuko hospitali, kavishwa oksijeni, sasa anaongea. Cha kwanza kuuliza: "Shibu amekula?"

Mimi niliyemburuta hata sijaulizwa.