Ndiyo ya Kuvuta Pumzi

Asdís rafiki yangu, kabla hakujakucha nilisikia meno ya chuma ya viatu yakigongana jikoni. Ni mjukuu wangu Steinunn, leo mara yake ya kwanza kuongoza wageni peke yake kwenye barafu iliyofunika mlima wa volkeno.

Wageni wamekataa kwenda. Kwa sababu yangu mimi.

Tukiwa kwenye kahawa, bwana mmoja kati ya wageni aliniuliza, "Bibi, barafu ni salama leo?" Nikamjibu ndiyo, kama tunavyosema sisi watu wa huku, kwa kuvuta pumzi ndani.

Akabadilika rangi. "Mmeona? Bibi ameshtuka."

Nikataka kumtuliza, nikasema ndiyo tena. Pumzi ndani tena, Asdís.

Steinunn alieleza mpaka akachoka. "Ni ndiyo tu, jamani. Hapa wote tunasema hivyo."

"Basi wote mnaogopa," akajibu bwana.

Wameamua kwenda kuoga kwenye chemchemi ya maji moto. Steinunn kaniambia, "Bibi, kesho wewe mimina kahawa tu."

Mke wa yule bwana, roho yake nzuri, alinioshea vikombe vyote. Mlangoni nikawaambia, "Mje tena mnitembelee."

Bwana akavuta pumzi ndani. Mpaka sasa sijui kama ile ilikuwa ndiyo.