Mama Mkwe Anaona Mapazia, Wateja Wanaona Mashuka

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumapili, maana nitaumbuka mchana kweupe. Mimi ni fundi wa tovuti, na mama wa mchumba wangu ana duka la mashuka na mapazia, akaniomba nimtengenezee tovuti, nikaifanya kwa moyo wote, mteja akiandika anachotafuta, kinachofanana zaidi na maneno yake kinakaa juu, lakini mama alipoiona akaguna, "Mwanangu, dukani kwangu kilichokaa sana ndicho kinachotangulia mbele, kipate kutoka," basi akataka na tovuti iwe hivyohivyo, yaani utafute shuka jeupe uletewe kwanza mapazia ya zambarau yenye vishada, yaliyopo tangu mchumba wangu anasoma shule ya msingi, nami kumkatalia nikashindwa, nikajifanya mjanja, simu yake nikaipangia aone anavyotaka yeye na wateja waone inavyotakiwa, sasa wateja wamemiminika, mama anatembea kifua mbele, na Jumapili familia zetu zinakutana kupanga harusi, amesema kila mtu atatoa simu yake atafute shuka waone kazi ya mkwe wake. Nifanyeje?

Mkwe Mtarajiwa Mwenye Jasho

Wewe Mkwe, nimecheka mpaka chai ikanipalia. Pole. Lakini umekosea, tena sana. Kazi yako ni nzuri. Ulichokosa ni ujasiri wa kumweleza mtu mzima jambo linalomhusu. Ukamnyamazisha kama mtoto anayepewa simu ya kuchezea!

Nenda dukani leo, si Jumamosi. Mwulize: "Mama, mteja akiomba shuka jeupe, unamtolea nini?" Atakushangaa: "Shuka jeupe, kwani nini?" Hapo ungama yote, umwonyeshe simu yake na yako. Atafoka. Mwache afoke, usijitetee.

Akishapoa, mpe haki yake, maana na yeye ana hoja: mzigo uliokaa lazima utoke. Alichotafuta mteja kikae juu, kiwe na picha kubwa, na ioneshwe kama kipo au kimekwisha. Chini yake weka sehemu iliyoandikwa wazi "Vya kuondoa, bei nafuu", na hayo mapazia yatangulie humo. Simu zote zione kitu kimoja, ya kwake ikiwemo.

Na mchumba wako umwambie leoleo. Mama huyu anakusifia kwa watu kabla hata hujamwoa binti yake, halafu katika wote wanaofungua tovuti ya duka lake, ni yeye peke yake unayemdanganya.