Samaki wa Adela Ameshakufa Mara Nne

Anti Cornelia, shikamoo. Naomba msaada kabla sijaumbuka. Mimi ni mtu wa Mbeya, mtumishi wa serikali hapa Sumbawanga, nimeoa binti wa kijiji cha Pito aitwaye Adela, ambaye mwezi wa pili huu unaisha akiwa amelala kitandani kwa kuvunjika nyonga, daktari kasema miezi mitatu, basi ili asichoke kutazama dari nikamnunulia tangi la kioo la lita arobaini, nikamwomba rafiki yangu Cleophas wa Kirando, kule ziwani, anitafutie samaki mmoja wa rangi, wale wa kwenye miamba ya ziwa, akaja naye kwenye basi ndani ya ndoo, mke wangu akampenda, akamwita Sebastiani, akasema huyu akiishi na mimi nitatembea.

Anti, Sebastiani alikufa siku ya tisa. Adela alikuwa amesinzia, nikabeba tangi nikamwambia baadaye nimelipeleka kuoshwa, nikalisugua kwa sabuni, nikampigia Cleophas, na hivi sasa tuko na Sebastiani wa tano, ingawa wote nawalisha vizuri, konzi ya unga wa ulezi asubuhi na jioni, maana mama mkwe anasema ulezi hukuza kila kiumbe. Jana Adela akaniuliza, "Baba Jane, mbona Sebastiani amerudi ujana?" Nikamjibu ni ulezi. Akacheka mpaka akashika nyonga. Nikisema ukweli naogopa atakata tamaa ya kutembea. Nimtafutie samaki gani asiyekufa?

Baba Jane, Sumbawanga

Marahaba, Baba Jane. Pole kwa kuuguza, ila na wewe una mambo. Umemtoa kiumbe kwenye ziwa lenye joto, ukampandisha kwenye baridi yetu, ukamweka kwenye tangi lenye sabuni, kisha ukamkorogea uji. Hata wewe usingefika siku ya tisa.

Samaki wa ziwani waache. Wanataka joto, nafasi na maji yenye madini mengi, na wengi wao ni wagomvi. Huyo wa tano Cleophas amtafutie mfugaji mwenye tangi kubwa. Wewe tafuta danio, samaki wadogo wenye milia, wafupi kuliko kidole, wanaostahimili baridi. Wanaishi kwa kundi, kwa hiyo chukua sita, usizidishe. Gapi, wale wadogo wenye mikia ya rangi, nao ni wazuri, lakini bila hita ya kupasha maji watakusumbua. Samaki wa dhahabu usidanganyike naye, anakua mpaka tangi linamshinda.

Tangi lioshe kwa maji matupu, weka kichujio, liache mwezi mzima likomae, vijidudu vinavyosafisha maji viote. Maji ya bomba yakae kwanza kwenye ndoo kutwa nzima, na kila wiki ubadili robo tu. Chakula ni kile cha samaki, kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Ulezi kunyweni ninyi.

Sasa huo uongo. Mtu anayetazama kioo kimoja wiki zote hizi, unadhani hamjui samaki wake? Anajua, baba. Alipokuuliza kuhusu ujana alikuwa anakupa nafasi useme mwenyewe, wewe ukamletea habari za ulezi, na bado akacheka. Aliyekata tamaa hacheki hivyo.

Leo ukitoka kazini kaa kitandani kwake, mwambie wamekufa wanne na uombe radhi. Halafu mwambie tangi linahitaji mwezi mmoja, na yeye amebakiza mwezi mmoja, na hao danio huna ruhusa ya kuwachagua wewe. Atakwenda dukani kuwachagua mwenyewe, kwa miguu yake.