Majina Yaliyomo Kwenye Diski

Jumanne, 8 Julai
Wagonjwa kumi na mmoja. Nimepima uzito, nimegawa vidonge, nimewasha jenereta ya kituo saa nne kama kawaida. Kompyuta imekataa. Feni imezunguka kidogo, ikasimama. Nimezima, nimewasha tena. Vilevile.

Ilikuwa ya ofisi ya ushirika wa pamba. Wanunuzi binafsi walipoingia ofisi ikafungwa, tukapewa sisi. Tuliipokea ikiwa kuukuu.

Jumatano, 9 Julai
Nimechomoa waya wa diski ngumu, lile sanduku la chuma linalotunza kumbukumbu. Mashine imewaka. Nimeurudisha. Kimya.

Kwa hiyo ni diski. Majina yote ya wagonjwa wa kifua kikuu yamo humo, na tarehe aliyoanza dawa kila mmoja. Kadi za ofisini ziliingiliwa na mchwa. Nilizichoma mwenyewe mwezi wa tatu, nikijivuna kwamba hatuzihitaji tena. Nakala ya flopi ni ya mwaka jana. Daktari hajui. Naogopa.

Ijumaa, 11 Julai
Holo wa kijiji cha Ngulyati amekuja. Amenenepa, hakohoi. Kadi yake ilifuliwa pamoja na kanga. Ameuliza miezi yake minane ya dawa imebaki mingapi, maana pamba inamsubiri. Nilipaswa kusema sijui. Benchi lilikuwa limejaa watu. Nimemwambia amemaliza.

Amenishika mikono yote miwili. "Wabeja, mayu." Ananishukuru kwa Kisukuma, ananiita mama. Mimi mwongo.

Jumapili, 13 Julai
Kanisani sikusikia mahubiri. Najaribu kukumbuka siku aliyokuja mara ya kwanza. Kama ni wakati wa kupanda, amemaliza. Kama ni palizi, bado. Sikumbuki.

Akiacha dawa mapema, ugonjwa utarudi. Ukirudi utakuwa mkali zaidi.

Jumatatu, 14 Julai
Nimemweleza Daktari yote, kadi na Holo. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Amesema tu, "Mwite Mzee Masanja. Akishindwa, utazunguka vijijini, nyumba kwa nyumba."

Masanja alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha kuchambulia pamba mpaka wafanyakazi walipopunguzwa. Sasa anatengeneza hizi redio kaseti zilizojaa sokoni. Hajawahi kufungua kompyuta. Amesema umeme ni umeme, atakuja kesho.

Jumanne, 15 Julai
Amekuja na mita yake. Alianza kushuku saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Volti tano, sawa. Kumi na mbili, sawa. Akaunganisha diski, volti zote zikaanguka. Kuna shoti ndani ya diski, amesema, na saplai inajizima isiungue.

Akapima kibao cha chini ya diski, kipande kwa kipande. Saa nzima. Ameishia kwenye kapasita moja ya manjano, ndogo kama punje ya mtama. Hiyo ndiyo inayovusha umeme wote. Akataka kuikata. Nimeuliza kama diski itafanya kazi bila hiyo.

"Sijui, mayu. Yenyewe inatuliza umeme tu. Labda itavumilia."

Hajui, na amesema hajui. Nimeona haya.

Ameikata. Tumewasha. Diski imenguruma, sauti ikapanda, majina yakatokea. Sikuthubutu kuizima. Nimenakili kwa kalamu, daftari mbili, hadi jina la mwisho. Vidole vimekufa ganzi.

Holo: miezi sita. Imebaki miwili.

Jumatano, 16 Julai
Ngulyati kwa baiskeli, na vidonge vya Holo. Alikuwa uani na mama mkwe wake, wanatenganisha pamba safi na chafu. Nimewaambia wote wawili: sikujua, nikajifanya najua. Mama mkwe amesema maneno kwa Kisukuma ambayo sitayaandika. Ana haki.

Holo ameweka chini pamba iliyokuwa mkononi. Kisha, "Na hii miwili, una hakika?"

Nimefungua daftari. Hasomi vizuri. Nimemwekea kidole kwenye jina lake, kisha kwenye tarehe. Ameangalia. Akaomba maji, akameza vya leo mbele yangu, akarudi kwenye pamba.

Hakuna aliyeniambia nikae, wala niondoke. Nimekaa. Nimechagua pamba pamoja nao mpaka jua likapoa.