Mkewe Aanze Eda Lini

Jumapili, Bagamoyo. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna, na mimi nimejichukia tangu adhuhuri.

Tangu wanajeshi wapindue serikali katika nchi moja ya Afrika Magharibi, chama kidogo cha mrengo wa kushoto nilichokipenda nikiwa chuoni kimepanda hadi kushika wizara. Sisi vijana sita wa mtaa wa Dunda, kundi letu, tulishangilia. Tulisema sasa ardhi itarudi kwa wakulima. Mimi ndiye ninayetafsiri maandiko yao kutoka Kifaransa na kuyaweka humu kwenye blogu yangu, kwa jina la kundi, si langu.

Leo Salum, kiongozi wetu, alinitumia taarifa mpya ya chama. Katibu wa umoja wa walimu wa huko, aliyewapinga wanajeshi hadharani, amechukuliwa nyumbani kwake na hajulikani alipo. Chama kinasema yuko safarini kwa kazi ya taifa.

Nilijua ni uongo. Nikakaa nikaunyoosha.

Nilitafuta neno laini la kuondoka kwake. Nilipopata "ameitikia wito" nikatabasamu. Tabasamu lile ndilo linaloniaibisha.

Bibi alikuwa ukumbini akichambua mchele. Macho yake hayasomi tena, hivyo hupenda nimsomee ninachoandika. Nikamsomea, tena kwa madaha.

Akatoa kijiwe kwenye sinia, akakitupa.

"Mkewe aanze eda lini?"

"Hajafa, Bibi. Wanasema kasafiri."

"Na babu yako kasafiri. Mpaka leo."

Kwamba Babu alichukuliwa Unguja siku za mapinduzi, Bibi akiwa na mimba ya mama, nilikuwa najua. Nisilolijua ni kwamba hakukaa eda. Angekaaje, na hakuna aliyemwambia mumewe amekufa? Miaka saba hakuwa mke wala mjane. Mwishowe, hapa hapa Bagamoyo, shehe alimruhusu. Siku akaichagua mwenyewe, Ijumaa. Akavua bangili, akakaa ndani miezi minne na siku kumi, bila maiti, bila barua.

"Nilimuua mimi," alisema. "Wao hawakutaka kusema."

Kisha akaniuliza kama nazi imeshakunwa.

Nikamwandikia Salum swali lile lile la Bibi. Akajibu: "Dada, mambo ya eda waachie kina bibi. Tafsiri iko wapi?"

Ninaona kinyaa. Si kwa Salum tu. Wanajeshi wana bunduki, chama kina maneno, na maneno yake ya Kiswahili nilikuwa nayapiga pasi mimi.

Tafsiri sikuiweka humu. Nimetoka kundini.

Nilitaka kuzifuta na zile za zamani, zote kumi na moja, nisionekane nilipita huko. Sizifuti. Kesho, kabla ya kazi, nitaweka jina langu juu ya kila moja.

Halafu nitamwomba Bibi anisamehe kwa sauti niliyomsomea nayo.